Sarafu Niliyompelekea Anneth

Jumapili, Arlington, Texas. Joto lilianza kabla watu hawajatoka kanisani, na hewa ya hapa uani imesimama kama maji ya ndoo. Mgongo unaniuma kwa sababu jana kutwa nilikuwa nyuma ya usukani, kwenda Houston na kurudi. Nimechoka, na uchovu huu sitaupamba.

Kutopamba si kawaida yangu. Wachache mnaopitia ukurasa huu mnajua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa mwandishi wa maombi wa jumuiya yetu. Sikuisomea kazi hii. Nilijifunza kwa kunakili barua za maofisini, kwa kamusi mbili, na kwa ukaidi. Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji, shule iliyomsimamisha mtoto, idara iliyokaa kimya mwaka mzima: wote nimewaandikia, kwa Kiingereza kilichovaa tai na kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Baadhi yao walijibu.

Njia yangu ya kazi ni moja. Kabla ya kuomba jambo, huitaja kwanza ile sifa ninayoihitaji kwa mtu ninayemwomba. Nikitaka asamehe, naanza kwa kumshukuru kwa huruma yake inayofahamika na wote. Nikitaka alitazame upya shauri, nausifu uadilifu wake. Mtu akishavikwa sifa mbele ya watu, huona haya kuivua. Kwa muda mrefu niliamini kwamba njia hiyo niliibuni mwenyewe.

Kisha nikakutana na Warumi.

Nilikutana nao hapahapa Arlington, katika ukumbi wa hoteli nilimoingia kulikwepa jua. Wazee wa Kiteksasi walikuwa wamepanga sarafu za kale juu ya meza zenye vitambaa vyeusi. Mmoja alinipa kioo cha kukuzia maandishi na sarafu iliyolika kingo. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha kaizari. Upande wa pili alisimama mwanamke mwenye mizani mkononi. Nikauliza yule ni malkia gani. Mzee akanieleza kwamba si malkia. Ni Uadilifu wenyewe, uliopewa mwili wa binadamu, ili kila anayenunua mkate asome kiganjani mwake kwamba mtawala wake ni mwadilifu.

Nilisimama pale kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizikusanya, zile zilizochakaa, ambazo wakusanyaji wa kweli hawazitaki. Nina Tumaini, anayetembea huku ameshika ua na kuinua pindo la gauni. Nina Ucha Mungu mbele ya madhabahu, na Utele mwenye pembe lililojaa matunda. Katika vitabu vya maktaba nilisoma kwamba sifa hizi zilipigwa chapa kwa wingi hasa pale zilipopungua. Majeshi yakianza kuasi, sarafu zikahubiri mapatano ya majeshi. Hilo halikunisumbua. Nani huomba kitu ambacho tayari anacho?

Naomba nikiri jambo moja dogo. Huwa nasoma migongo ya sarafu tu. Vichwa vya upande wa mbele sijawahi kuvishughulikia. Watawala nimewaandikia vya kutosha.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Festo ni kijana wa jumuiya yetu, mtaalamu wa kompyuta katika kampuni moja ya hapa. Anneth ni mkewe, muuguzi wa zamu za usiku. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wao. Barua ya posa niliiandika kwa mkono wangu, nikaipeleka Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa dada yake Anneth, Yusta, ambaye alisimama badala ya wazazi, na baba yao akaisikiliza kwa simu akiwa Moshi. Kwa desturi yetu, kazi ya mshenga haimalizikii harusini. Ndoa ikitikisika, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, kama fundi anavyoitwa aje autazame ukuta alioujenga.

Mwezi uliopita Anneth alirudi kutoka zamu, akafungasha nguo zake, akaendesha gari mpaka kwa Yusta. Hakurudi. Sasa amepata kazi ya mchana katika kliniki moja ya Sugar Land, jirani na hapo, na wenye kliniki wanataka jibu lake kesho, Jumatatu. Akikubali, atahamia Houston moja kwa moja. Hakuna anayelitamka neno linalofuata, lakini kila mtu analijua.

Festo alikuja kwangu katikati ya wiki, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, akaniomba niende. Alijitetea kwa utaratibu. Hajampiga mkewe, hajamtukana, hana mwanamke wa pembeni. Halewi. Kisha akasema neno ambalo nililiona zito kuliko yote: "Namsifu, mzee. Kila mtu ananisikia."

Ni kweli. Mimi mwenyewe nimemsikia. Hakuna mahafali, hakuna kipaimara, hakuna mkutano wa jumuiya ambao Festo hakushika kipaza sauti na kumshukuru mkewe kwa uvumilivu wake, na sisi tukapiga makofi. Kwa hiyo nilihitimisha kwamba tatizo lilikuwa ni maneno kutofika vizuri, na maneno ndiyo kazi yangu. Niliandika ombi la kurasa nne. Ili kulitia nguvu, nikachagua sarafu moja ya fedha, iliyo bora kuliko zote nilizo nazo. Mgongoni mwake wamechorwa mume na mke wameshikana mikono ya kulia, na maneno ya Kilatini yanayowazunguka maana yake ni mapatano ya milele. Mapatano mwenyewe, yule mwanamke anayeyawakilisha katika sarafu nyingine, hapo hayupo. Limeandikwa jina lake tu. Niliona inafaa, nafasi yake wameichukua wanandoa.

Nilibeba na kisanduku chenye zile nyingine, ili nieleze kwa mpangilio.

Barabara ya kwenda Houston haina huruma mwezi huu. Malori, mitambo ya ujenzi, lami inayometa kama imemwagiwa mafuta. Njia nzima nilikuwa nikiyakariri yale niliyoyaandika, nikibadilisha koma.

Yusta ndiye aliyenifungulia mlango. Alinitazama, akaitazama bahasha, akakitazama kisanduku. Akaniuliza kama nimekuja kwa usuluhishi au kwa ukaguzi wa mahesabu. Alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama, nao nilikula bakuli zima kabla ya jambo lolote, kwa kuwa mshenga mwenye njaa huharakisha hoja zake. Anneth alikuwa sebuleni akikunja nguo za watoto wa dada yake. Aliniamkia kwa heshima zote, shikamoo mshenga, nami nikaitikia marahaba mwanangu. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mimi ninavyojisikia leo.

Nilisimama ili nisome. Ombi husomwa kwa kusimama.

Ukurasa wa kwanza ulihusu uvumilivu wake. Wa pili ulihusu ukarimu wake, ambao hapana mgeni wa Arlington asiyeushuhudia. Niliposoma aya ya pili nilimwona Yusta ameinua macho juu, anaitazama feni ya dari. Sikujali. Niliingia ukurasa wa tatu, juu ya upole wake na moyo wake wa kujitoa, na hapo ndipo Anneth aliponyoosha kiganja, taratibu, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari.

"Samahani, mshenga. Hapo mwisho unataka nibebe nini?"

Nilimwambia sijamwelewa. Akaiweka chini fulana aliyokuwa akiikunja, akanieleza, bila kupandisha sauti. Pasaka iliyopita Festo alimsifu mbele ya watu kwa ukarimu. Wiki hiyohiyo wakashuka binamu wanne wa Festo kutoka Oklahoma, wakakaa hadi walipochoka wao, na Anneth akitoka kazini asubuhi anakuta sinki limejaa na watu wanauliza chai iko wapi. Kwenye mahafali ya mtoto wa mwenyekiti alimsifu kwa uvumilivu, na kabla hajakiachia kile kipaza sauti akatangaza kwamba mikutano ya jumuiya sasa itafanyika nyumbani kwao kila mwezi. Anneth alilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza wakati mmoja na sisi. Tulikuwa tunapiga makofi.

"Nikajifunza," alisema, "kwamba nikipigiwa makofi Jumamosi, Jumapili nikanunue mchele."

Yusta alicheka. Mimi sikuweza. Mikutano hiyo nimeihudhuria. Chapati zake nimezisifu, tena kwa maandishi.

Hapo mtu mwenye busara angeketi. Mimi nilifikiri kwamba palipokwama karatasi, sarafu itapita. Nikakifungua kisanduku juu ya meza, katikati ya soksi za watoto, nikaanza kueleza: huyu ni Uadilifu, huyu ni Tumaini, huyu ni Ucha Mungu. Anneth aliinama akawatazama mmoja mmoja, kwa umakini wa mtu aliyezoea kutafuta mshipa. Akauliza kama wote ni wanawake. Nikamjibu kwamba ndivyo Warumi walivyozichora sifa. Akaendelea kutazama.

"Huyu kapewa mizani, huyu sahani, huyu pembe la matunda," alisema. "Yaani hakuna hata mmoja aliyeachiwa mikono yake."

Nikaharakisha kumpa ile ya fedha. Nikamwonyesha wanandoa, nikamtafsiria maneno. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa muda wote nilioimiliki sarafu hiyo, sikuwahi kulifanya.

Aliigeuza.

Upande wa mbele hapakuwa na kaizari. Palikuwa na kichwa cha mwanamke kijana, nywele zimechanwa kwa mawimbi na kufungwa kisogoni. Akaniuliza huyu ni nani. Nikajibu kwamba bila shaka ni huyo mke aliyeshikwa mkono kule nyuma. Akauliza anaitwa nani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kuzunguka kichwa chake, herufi kubwa, zinasomeka. Sikuwa nimelisoma.

"Ngoja ni-google," akasema, nami, naona aibu kuandika hili, nilipata nafasi ya kukereka na kitenzi hicho.

Alisoma kwenye simu kimya kimya. Uso wake ulibadilika. Yusta akamtaka asome kwa sauti, akasoma, akitafsiri anavyokwenda. Yule msichana aliozwa kwa mwana wa kaizari kwa mipango ya wazee. Mume hakumtaka, hata kula naye hakukubali. Baba yake msichana alipouawa, yeye akapelekwa kisiwani, akafungiwa huko kwa miaka. Mume alipoushika utawala wote, akaagiza mkewe auawe.

Mapatano ya milele.

Yusta alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Mshenga, na wewe," alisema alipopata pumzi, "kwenye kisanduku kizima hukuona nyingine?" Ni haki yake. Nilisafiri kutoka Arlington hadi Missouri City kumwomba mwanamke arudi kwa mumewe, na kielelezo nilichobeba ni cha mke aliyeuawa na mumewe. Kosa la namna hiyo halifanywi na mtu asiyesoma vitabu. Linafanywa na mtu anayesoma upande mmoja.

Anneth hakucheka. Aliirudisha sarafu kisandukuni, uso wa yule mwanamke ukiwa juu. Akachukua soksi, akatafuta ya pili yake.

Niliketi. Nilizikunja zile kurasa nne, ya nne ikiwa haijasomwa, na ya nne ndiyo yenye ombi. Kisha, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine la kusema, nikamuuliza yeye anataka nini.

Aya hii naiandika polepole. Katika kurasa zote zile swali hilo halikuwamo. Festo alipokaa kwenye kiti hiki, mimi na yeye tuliongea saa nzima kuhusu Anneth, na swali hilo halikuwamo.

Yusta aliacha kutabasamu. Anneth akasema kwamba hajui bado. Kazi ya Sugar Land anaipenda, kwa sababu ni ya mchana na atalala usiku kama watu. Festo naye hajamchukia. Alisema hilo akitazama dirishani. Angependa kujua kama kuna kitu kingine ndani ya mume wake zaidi ya yale anayoyasema kwenye kipaza sauti, na hilo hawezi kuliona kupitia kwangu.

"Aje mwenyewe kabla ya Jumatatu," alisema. "Aniulize kama ulivyoniuliza, halafu anyamaze asikie. Na wewe mshenga, nakuomba, usimwandikie."

Nilimpa neno langu. Yusta alinifungia mtori mwingine kwenye kopo, nikaondoka jua likiwa bado kali.

Leo, baada ya ibada, Festo alikuwa ananingoja kwenye maegesho ya kanisa, shati limemganda mgongoni. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa, bila kuongeza. Alifurahi kwanza, kwa sababu mlango haujafungwa. Kisha akauliza atasema nini akifika. Nikamwambia aulize, anyamaze. Akacheka kama mtu aliyeambiwa mzaha, akaniomba nimwandikie mistari mitatu tu, aisome njiani.

Nikakataa.

Hakuwa ametarajia. Alinikumbusha kwamba niliwahi kutumia siku mbili kuandika malalamiko ya jirani yangu kuhusu mahali pa kuegesha gari. "Ya gari unaweza, ya ndoa yangu unashindwa? Sasa mshenga kazi yako ni nini?" Watu waliokuwa wanapita na watoto wao walipunguza mwendo. Festo aliufunga mlango wa gari kwa nguvu, akaondoka. Sikujua anaelekea kwake au kusini.

Saa kumi alasiri simu ililia. Alikuwa kwenye kituo cha mafuta, nusu ya njia ya Houston. Nilisikia malori yakipita nyuma yake.

"Mzee, nisamehe ya asubuhi. Nime-drive mpaka hapa, nguo nime-pack. Nimeshindwa kutoka hapa. Nikifika pale mlangoni, nimwambie nini cha kwanza?"

Sasa nieleze kilichonipata, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Sentensi ilikuja. Ilikuja yote kwa pamoja, na mwanzo wake na pumziko lake, bila sifa hata moja, fupi, ya kweli. Pengine ndiyo sentensi bora niliyowahi kuitunga. Ilikuwa imekaa mdomoni kabisa. Ningeitamka, Festo angeikariri kwa saa mbili zilizobaki, na Anneth angefungua mlango akakuta ni mimi tena.

"Sijui, Festo," nikasema.

"Hujui? Wewe?"

"Sijui. Nenda."

Lori likapita, likapita na jingine. Kisha simu ikakatika, na sijui kama ni yeye aliyeikata au ni mtandao wa kule mashambani.

Sasa jua limeegemea upande wa uzio wa jirani, na ingawa joto halijapungua sijaingia ndani. Hajapiga tena. Ama amekwishafika Missouri City na amesimama mbele ya mlango wa Yusta akiwa na maneno yake mwenyewe, machache na mabaya, ama amegeuza gari. Nimeishika simu mara kadhaa nikairudisha mezani. Ile sentensi bado ninayo. Sikuiandika popote, wala hapa sitaiandika.

Kesho asubuhi Anneth atawajibu watu wa Sugar Land, nami nitalisikia jibu hilo pamoja na wengine, litakapofika. Katika maisha yangu yote sijawahi kungojea jambo ambalo sina nakala yake.